Farasi Asiye na Mwenyewe: Jinsi ya Kumwokoa na Kumpatia Makao ya Kudumu

Anayemwona farasi aliyekonda akizurura kando ya barabara hufikiria kwanza kamba na ndoo ya nafaka. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoharibu kazi mara nyingi. Kamba humfukuza mnyama hadi kwenye waya wa miiba au katikati ya magari, na nafaka inaweza kumwua siku ya tatu au ya nne, wakati kila mtu ameshashusha pumzi na kusema kwamba ameokoka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa kazi. Kabla hujamgusa farasi, ni lazima ujue atalala wapi usiku huohuo, nani ataamka kumlisha kila baada ya saa nne, daktari yupi wa mifugo atakuja kumpima, na ni makao ya namna gani yanayoweza kumpokea miezi kadhaa baadaye. Farasi anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 25 hadi 30. Anayemchukua bila kuwa na majibu ya maswali hayo humtoa kwenye shida moja na kumwingiza kwenye nyingine, na si jambo geni kuona watu waliojaza zizi kwa huruma wakifika mahali ambapo farasi wao wenyewe wanahitaji kuokolewa na wengine.

Ni farasi wa nani?

Farasi wanaoitwa wazururaji si wa namna moja, na kila namna ina njia yake. Wapo wa mwituni hasa, waliozaliwa nje, wasiojua kamba, wanaoishi katika makundi yao. Hawa mara nyingi hawahitaji kuokolewa hata kidogo. Mbavu zao huonekana mwishoni mwa kiangazi na hufunikwa tena malisho yanaporudi, na kumtoa jike mmoja kundini kwa sababu amekonda akiwa ananyonyesha ni kumdhuru yeye na mtoto wake. Nchini Namibia wapo farasi walioishi kwa vizazi vingi katika jangwa la Namib, karibu na Garub, na nchini Marekani sheria ya mwaka 1971 inawalinda farasi na punda wa mwituni wanaoishi katika ardhi ya umma, hivi kwamba kuwakamata au kuwasumbua bila idhini ni kosa la jinai. Basi kabla ya yote, uliza kama farasi unaowaona wana ulinzi wa kisheria na kama kuna mamlaka inayowasimamia.

Namna ya pili ni farasi aliyepotea au aliyeachwa makusudi. Huyu ana dalili za kuwahi kuishi na watu: kwato zenye matundu ya misumari ya viatu, mabaka ya nywele nyeupe mgongoni pale tandiko lilipomchubua, chapa ya moto au ya baridi, au tabia ya kugeuza masikio na kusogea anaposikia sauti ya mtu. Huenda pia ana chipu, yaani kidude kidogo cha kielektroniki cha utambulisho, ambayo kwa farasi huwekwa kwa kawaida shingoni upande wa kushoto, chini kidogo ya nywele za shingo, nayo ina namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa kifaa cha daktari. Toa taarifa kwa polisi, kwa serikali ya mtaa au kwa ofisi ya mifugo mara tu unapomwona, na upate uthibitisho wa maandishi kwamba umeripoti. Sheria za nchi nyingi huweka muda ambao mwenye mnyama anaweza kujitokeza kabla umiliki haujahamia kwa mwingine. Ukimchukua kimyakimya, hata kwa nia njema, mbele ya sheria unaweza kuonekana mwizi, na atakayeumia zaidi ni farasi atakayerudishwa alikotoka bila swali.

Namna ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: farasi yumo zizini kwa mwenyewe, lakini hatunzwi. Hapa usiruke uzio. Andika tarehe na saa, piga picha ukiwa mahali ambapo una haki ya kusimama, eleza unachokiona bila kukipamba (kama kuna maji, kama kuna nyasi, kama anasimama kwa miguu yote minne), kisha uyafikishe kwa wenye mamlaka ya kukagua. Sambamba na hilo, ikiwezekana, zungumza na mwenye farasi. Nionavyo, walio wakatili kwa makusudi ni wachache kuliko waliozidiwa: mgonjwa asiyeweza kwenda zizini, mjane aliyerithi wanyama asiowajua, mtu aliyepoteza kipato na kuona haya kuomba. Robota chache za nyasi na ziara moja ya fundi wa kwato zinaweza kumaliza jambo ambalo mashtaka yangelichukua mwaka mzima. Pale mwenyewe anapokubali kumtoa, hakikisha anatia saini hati ya kuhamisha umiliki mbele ya shahidi, yenye maelezo ya mnyama, kabla farasi hajapanda trela. Neno la mdomo halitoshi, kwa maana farasi akinenepa hupata ndugu wengi.

Kumpima kwa jicho na kwa kiganja

Hali ya mwili hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa na Don Henneke katika Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1983, ambacho kinaanzia 1 kwa farasi aliyebaki mifupa hadi 9 kwa aliyenenepa kupita kiasi. Unapapasa sehemu sita: shingo, sehemu iliyoinuka juu ya mabega, nyuma ya bega, mbavu, kiuno na shina la mkia. Farasi wa alama 5 mbavu zake hazionekani lakini kidole huzipata kwa urahisi. Wa alama 1 huna haja ya kumpapasa, kwa kuwa uti wa mgongo, mbavu na mifupa ya nyonga vimejitokeza na hakuna mafuta yanayoweza kushikika popote. Tumia kiganja hata pale macho yanapokuambia kwamba yuko sawa. Manyoya marefu ya msimu wa baridi huficha mbavu, na tumbo lililoning'inia humfanya mnyama mwenye minyoo au mimba aonekane ameshiba.

Uzito nao unaweza kukadiriwa bila mizani. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu ugawanye kwa 11,880, na jibu litakuwa kilo. Ni makadirio, lakini yanatosha kupanga chakula na kumsaidia daktari kukokotoa dawa.

Ukiweza kumkaribia bila kumtia hofu, angalia pia vipimo vya uhai. Farasi mzima aliyetulia ana mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika, hupumua mara 8 hadi 16, na joto lake huwa karibu nyuzi 37.5 hadi 38.5 za selsiasi. Bonyeza ufizi kwa kidole: weupe unaobaki unapaswa kurudi kuwa wa waridi ndani ya sekunde mbili. Farasi aliyelala chini asiyeweza kuinuka, anayetoka damu nyingi, anayejirusha kwa msokoto wa tumbo au asiyeukanyagia mguu mmoja kabisa, anahitaji daktari papo hapo, na mambo mengine yote ya mwongozo huu yasubiri.

Kumkamata bila kumkimbiza

Farasi ni mnyama wa kukimbia. Macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa humwezesha kuona karibu pande zote isipokuwa eneo dogo mbele ya paji na jingine nyuma ya mkia, na kila anachokiona kikimfuata kwa kasi hukihesabu kuwa ni adui. Kundi la watu wenye nia njema waliotandaza mikono uwanjani kwake halina tofauti na kundi la mbwa mwitu. Farasi dhaifu anayekimbizwa anaweza kuanguka asiinuke, jike mwenye mimba anaweza kuiharibu, na mtoto anaweza kuachwa nyuma akapotea.

Njia bora ni ya uvumilivu. Jenga boma la vizuizi imara mahali wanapopita au wanapokunywa maji, uweke ndani nyasi kavu na maji, uache lango wazi, kisha uondoke. Siku za mwanzo watanusa na kurudi nyuma. Baadaye mmoja ataingia, halafu wengine. Usifunge lango mpaka kundi lote limezoea kula ndani, hasa mama na watoto wao, kwa kuwa ukimfungia mmoja mapema waliobaki nje watakuwa wamejifunza somo ambalo hutaweza kulifuta. Kazi hii inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Kwa farasi mkubwa asiyezoea watu, uzio wa boma unapaswa kuwa na kimo cha takriban meta 1.8, ambacho ndicho kipimo kinachodaiwa Marekani kwa wanaochukua farasi wa mwituni wasiofunzwa, nao usiwe na waya wa miiba wala pengo ambalo kwato inaweza kunasa. Ukuta unaoonekana wazi ni bora kuliko waya mwembamba, maana farasi mwenye hofu hauoni waya mpaka umemkata.

Kwa yule aliyewahi kuishi na watu kazi ni nyepesi zaidi. Mkaribie kutoka upande, ukielekea begani, ukitembea kwa kupindapinda kana kwamba una shughuli nyingine. Simama anapoinua kichwa, rudi hatua moja anapokutazama kwa utulivu, na usinyooshe mkono kuelekea usoni. Dawa ya kulevya inayorushwa kwa bunduki ni ya daktari peke yake, na iwe njia ya mwisho, kwa maana farasi aliyechomwa hukimbia dakika kadhaa kabla ya kulegea na anaweza kuangukia mtoni au barabarani.

Trela iwe na sakafu isiyoteleza, hewa ya kutosha na nafasi ya kujitanua miguu. Dume asichanganywe na majike, na mama asitenganishwe na mtoto wake isipokuwa kwa ukuta mdogo unaowaruhusu kuonana. Farasi asiyejua kufungwa asifungwe kwa kamba ndani ya trela: aachwe ajisimamie mwenyewe.

Siku kumi za kwanza

Hapa ndipo farasi wengi waliookolewa hupotea, na hupotea mikononi mwa watu wanaowapenda. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu humaliza sukari yake, kisha mafuta, kisha huanza kujila misuli, pamoja na moyo wenyewe, huku akiba ya fosforasi, potasiamu na magnesi ikipungua. Mnyama huyo akipewa ghafla nafaka au chakula kitamu chenye wanga mwingi, sukari hupanda katika damu, insulini humwagika, na madini yale machache yaliyobaki hukimbilia ndani ya seli pamoja na sukari. Damu hubaki tupu. Moyo hupiga ovyo, misuli ya kupumulia hulegea, na farasi aliyeonekana kuchangamka jana huanguka leo. Hatari hii ni kubwa zaidi katika siku tatu hadi tano za kwanza, na haimalizwi kwa dua wala kwa dawa ya dukani.

Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis ulilinganisha vyakula mbalimbali kwa farasi waliokondeana na kuonyesha kwamba lusini (alfalfa, mmea wa malisho) iliyokaushwa ndiyo iliyofaa kuliko vingine, kwa sababu ina wanga mdogo na protini nyingi, pamoja na fosforasi na magnesi ambazo mwili umezikosa. Mpango uliotokana na kazi hiyo ni huu: kwa siku tatu za kwanza mpe takriban nusu kilo ya lusini kila baada ya saa nne, mchana na usiku, yaani chini kidogo ya kilo tatu kwa siku nzima. Kuanzia siku ya nne ongeza kiasi polepole na upunguze idadi ya milo, hivi kwamba kufikia siku ya sita awe anapata karibu kilo mbili kila baada ya saa nane. Baada ya siku ya kumi anaweza kuachiwa ale nyasi kadiri anavyotaka, kwa milo miwili, huku maji safi yakiwapo wakati wote na jiwe la chumvi la kulamba likiwa karibu. Vipimo hivi ni vya farasi wa umbo la kawaida. Kwa farasi mdogo vipunguzwe kulingana na uzito, na daktari awe na neno la mwisho. Methali ya haba na haba hapa ndiyo dawa yenyewe, na anayeamka saa nane za usiku kupeleka mkono mmoja wa nyasi anafanya kazi kubwa kuliko aliyeleta gunia zima la mahindi.

Kama amekosa maji kwa siku kadhaa, mpe kwa mafungu, lita chache kwa wakati, kisha umwachie mengi baada ya kiu kupoa. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo chochote kilichoingia kwa wingi na kwa haraka hakina njia ya kurudi. Farasi mzima wa kilo 500 hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi wakati wa joto; pima anachokunywa, uandike, na uhesabu mavi yake, kwa maana zizi lisilo na mavi kwa saa nyingi ni taarifa mbaya kuliko zizi chafu.

Usitarajie mabadiliko ya haraka. Uchangamfu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi, masikio yakianza kusogea na kichwa kuinuka mlango unapolia, lakini kurudisha uzito kamili huchukua miezi mitatu hadi mitano. Mpige picha kila baada ya wiki mbili, mahali palepale na kwa upande uleule, kwa kuwa jicho linalomwona kila siku halioni tofauti. Na ipo hali ambayo ni lazima itajwe bila kuficha: farasi aliyepoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, au aliyelala chini siku tatu bila kuweza kusimama, huwa na matumaini madogo sana. Kumruhusu daktari ampumzishe bila maumivu katika hali hiyo ni sehemu ya uokoaji, na mtu asiyeweza kuipokea hukumu hiyo asijipe jukumu la kuamua peke yake.

Karantini na matengenezo ya mwili

Farasi mgeni asikae na wenyeji kwa muda usiopungua siku 21, na vituo vingi hupendelea 30. Awe na ndoo yake, brashi yake, kamba yake, na ahudumiwe wa mwisho, au na mtu ambaye hagusi wengine. Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni ule wa majipu ya koo uletwao na bakteria wa Streptococcus equi, ambao huchukua kati ya siku 3 na 14 kujitokeza. Una udhaifu mmoja unaoweza kuutumia: homa hutangulia siku moja au mbili kabla mnyama hajaanza kuwaambukiza wengine. Ukimpima joto asubuhi na jioni, utamgundua kabla kamasi hazijatoka. Wengine waliopona huendelea kubeba vijidudu kwa miezi au hata miaka katika mifuko ya hewa iliyo nyuma ya koo, kwa hiyo omba daktari apime kabla ya kumwachia. Wakati huohuo damu ichukuliwe kwa kipimo cha Coggins, ambacho hutambua virusi vya upungufu wa damu wa kuambukiza wa farasi. Virusi hivyo huenezwa na nzi wakubwa wanaouma na kwa sindano zilizotumiwa zaidi ya mara moja, na aliyeambukizwa hubaki navyo maisha yake yote. Chanjo ya pepopunda isicheleweshwe, kwa kuwa farasi hushambuliwa na ugonjwa huo kwa urahisi kuliko karibu wanyama wote wa kufugwa.

Minyoo husubiri. Ni kishawishi kikubwa kumpa dawa kali siku ya kwanza, lakini idadi kubwa ya minyoo ikifa kwa pamoja inaweza kuujeruhi utumbo uliodhoofika, na dawa kama moxidectin ni hatari kwa mnyama asiye na mafuta mwilini. Peleka mavi maabara yahesabiwe mayai, kisha daktari achague dawa na siku. Chawa, kupe na upele vinaweza kushughulikiwa mapema zaidi.

Kuhusu kwato, kumbuka kwamba hukua kati ya milimita 6 na 10 kwa mwezi, na kwamba kwato nzima huhitaji karibu mwaka kujijenga upya kutoka juu hadi chini. Zilizopinda kama viatu vya ncha ndefu zisikatwe kwa siku moja hadi zipendeze. Fundi azipunguze kidogo kidogo, kila baada ya wiki chache, kwa kuwa kano na viungo vimejizoesha kusimama vibaya. Zikiwa na joto, na mnyama akiegemea nyuma kukwepa uzito wa mbele, huenda tabaka za ndani zimevimba, na hapo picha ya eksirei hutangulia kisu. Baada ya hapo ratiba ya kawaida ni wiki sita hadi nane.

Meno nayo husahaulika. Farasi anayedondosha chakula kilichotafunwa nusu ana ncha kali zinazomkata shavu, na hatanenepa hata ukimlisha vyema mpaka zisuguliwe. Mdomo huohuo husaidia kukisia umri: meno yote ya mbele ya kudumu huwa yameota kufikia miaka mitano, na mfereji mdogo wa rangi huanza kuonekana kwenye jino la pembeni la juu karibu na mwaka wa kumi, hufika nusu ya jino karibu na wa kumi na tano, na hufika chini kabisa karibu na wa ishirini.

Kila jike apimwe mimba. Mimba ya farasi huchukua takriban miezi 11, na si ajabu uliyemchukua mmoja kuwa wawili. Kila dume ahasiwe anapopata nguvu za kutosha, kisha atengwe na majike kwa siku 30 hadi 60, maana mbegu zilizobaki bado zinaweza kutungisha.

Kumzoesha mkono wa mtu

Farasi aliyeshiba lakini asiyeshikika hana makao. Atakayempokea atahitaji kumvisha hatamu, kumwinulia miguu, kumpakia kwenye trela, na kumshikilia wakati daktari anapokuja kumtibu. Ukimtoa kabla hajajua mambo hayo manne, atarudi. Msingi wa kumfundisha ni shinikizo na kuliachia: unasogea mpaka anapoanza kusitasita, unasimama, na mara anapolegeza shingo, analamba midomo au anageuza sikio kwako, unarudi nyuma. Kuondoka kwako ndiko malipo. Anayezidi kusogea wakati mnyama ameshakubali humfundisha kwamba kukubali hakumsaidii.

Vipindi viwe vifupi, hata dakika kumi, mara mbili kwa siku. Kukaa tu kwenye boma lake, mgongo umeelekezwa kwake na mtu akisoma gazeti, ni somo lenye thamani ambalo wengi huliona kama uvivu. Usimpande. Aliye chini ya alama 4 za Henneke hana misuli ya kubeba mtu, na tandiko juu ya uti wa mgongo ulio wazi humjeruhi.

Kumtafutia nyumba

Andika wasifu wa farasi kwa ukweli unaouma: umri uliokadiriwa, urefu, maradhi aliyopona na asiyopona, anachoogopa, kama huuma anapofungwa mkanda wa tumbo, kama hawezi kukaa peke yake. Tangazo lenye sifa tupu huleta watu wengi na nyumba mbaya. Mnyama asiyefaa kupandwa atajwe hivyo tangu mstari wa kwanza, kwa kuwa wapo wanaotafuta mwenzi wa farasi wao aliyebaki mpweke, na hao huwa nyumba nzuri kuliko wanaotafuta farasi wa bei rahisi kwa mtoto anayejifunza. Farasi ambaye hajakomaa na mpandaji ambaye hajakomaa wasikutanishwe.

Mwombaji atembelewe nyumbani kwake. Angalia uzio kwa kuusukuma, maji kwa kuyanusa, na farasi alionao kwa kupapasa mbavu zao. Kwato za mnyama ambaye yuko hapo tayari zitakueleza zaidi ya maneno ya mwenyewe. Uliza nani atamhudumia akisafiri, na daktari wake ni nani, kisha umpigie daktari huyo. Uliza pia atafanya nini hali yake ya kipato ikibadilika. Jibu la kweli ni lile linaloonyesha kwamba amewahi kulifikiria swali hilo. Mwombaji aje kumwona farasi zaidi ya mara moja, amshike, amwongoze, amwinulie miguu mwenyewe mbele yako.

Mkataba uwe wa maandishi, nao useme wazi kwamba farasi hatazalishwa, hatauzwa wala kugawiwa bila idhini, hatapelekwa machinjioni, na kwamba mpokeaji akishindwa kwa sababu yoyote mnyama atarudi kwenu. Weka kipindi cha majaribio, na ikiwezekana hati ya umiliki isihamishwe mpaka mwaka mmoja wa matunzo mazuri upite, kama inavyofanywa Marekani kwa wanaochukua farasi wa mwituni. Ada ya kumchukua iwepo, hata kama ni ndogo, kwa maana farasi wa bure huvutia madalali wanaohesabu kilo za nyama.

Siku ya makabidhiano, mpe mpokeaji nyasi za wiki moja za aina ileile farasi aliyozoea, ili azichanganye polepole na za kwake na kuepuka msokoto wa tumbo. Mpe pia nakala za chanjo, vipimo, ratiba ya kwato na picha zote tangu siku ya kwanza. Mpigie baada ya siku tatu, mtembelee baada ya mwezi, kisha baada ya miezi sita, ukibeba utepe uleule wa kupimia kifua. Akirudishwa, mpokee bila kumlaumu aliyemrudisha, muulize ni saa ngapi na mahali gani jambo lilipoharibika, na uandike jibu lake katika wasifu kabla hujaanza kutafuta nyumba nyingine.